Kuandika kwa Mdomo

Mke wangu alikuwa mpiga chapa. Tangu usichana wake bosi anasema, yeye anapiga. Mabosi walizoea kusema neno, wakangoja vidole vyake viwafikie, ndipo wakasema lingine.

Alipostaafu, kompyuta zilikuwa zimeanza kuandika zenyewe mtu akisema. Wenzake walinung'unika. Yeye alinunua kipaza sauti, akakiweka kwenye meza yetu ya chakula, akasema atafundisha watu kukitumia.

"Ufundishe watu kusema?" nilimuuliza. "Si wanasema tangu utotoni?"

"Wewe je? Mwaka wa ngapi huu nakufundisha?"

Mimi si msemaji.

Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa mdogo wangu, mtunza stoo katika kampuni ya vifaa vya ujenzi. Kiharusi kilimpiga, mkono wa kulia ukabaki unaning'inia. Mdomo ulipona. Mke wangu alisema kiharusi chenyewe kiliuogopa.

Sasa kila jioni mtunza stoo huandika ripoti: kilichoingia, kilichotoka, kilichoharibika. Meneja alimwambia ikifika mwisho wa mwezi awe anaitoa mwenyewe, la sivyo atawekwa mwingine. Ana watoto wanaosoma. Kibarua kilikuwa karibu kuota nyasi.

Mke wangu akamfundisha alivyojua yeye: polepole, neno moja moja. Mdogo wangu akakaa wima kama anayepigwa picha. "Saruji. Imeingia. Mifuko." Kompyuta ikaandika takataka. Wakarudia, ikawa vilevile. Uso ukamshuka.

Jioni moja alichoka. "Shemeji, wewe na mashine yako mnanichezea."

"Nani anakuchezea? Mstari mmoja hujaandika, chai birika zima umemaliza."

"Chai gani? Maji ya moto yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Ndiyo maana kaka yangu amekonda."

"Kaka yako alikuja hapa amekonda. Mimi nilimkuta hivyo."

Wakaendelea kunyukana. Mimi kusoma kwangu ni kwa kuokoteza, lakini niliona kioo cha kompyuta kimejaa maandishi. Nikawaonyesha. Ugomvi wote ulikuwa umeandikwa, neno kwa neno, chai na kukonda kwangu humo humo, bila kosa.

Mke wangu alisoma mpaka chini. Akavua miwani.

"Kumbe nilikuwa nakufundisha kunisubiri mimi," alisema. "Hii haina vidole. Wewe sema tu kama unavyosema nami."

Kuanzia hapo hakumkalisha tena mbele ya kioo. Alimkalisha mbele yake, akamuuliza habari za stoo, yeye akajibu. Kompyuta iliandika pembeni kama mtu asiyewahusu.

Siku ya meneja kumpima tulikwenda wote stoo. Mimi nilibeba mkoba wa mke wangu. Meneja akasimama nyuma ya mdogo wangu, mikono kifuani. Mdogo wangu akajinyoosha, sauti ikageuka ya ofisini. "Saruji. Imeingia." Kioo kikaandika upuuzi. Meneja akatazama saa.

Mke wangu akavuta kiti, akakaa mbele ya mdogo wangu.

"Shemeji, hiyo sauti umeazima kwa nani? Hebu niambie mimi. Stoo ina nini, au umeshauza vyote?"

"Niuze nini, shemeji? Saruji imeingia asubuhi mifuko mia mbili, mitano imechanika kwa sababu dereva anashusha kama anatupa mawe. Rangi nyeupe imetoka makopo arobaini. Misumari haijaguswa."

Meneja akainama, akasoma. "Hili la dereva ni kweli?"

"Kweli kabisa."

"Basi usilifute." Akaenda zake. Kazi ikabaki ya mdogo wangu.

Baadaye walikuja wengine, mwanasheria anayeumwa viganja, mama asiyeona anayetunga hadithi. Wote aliwakalisha mbele yake. Wote waliandika.

Mke wangu alifariki msimu wa mvua uliopita.

Mdogo wangu bado yuko stoo. Mbele ya meza yake ameweka kiti kitupu, na wapakiaji wanajua, hawakikalii. Kila ripoti anaianza, "Shemeji, sikiliza," halafu anayafuta maneno hayo kabla ya kuipeleka.

Jumapili alikuja kuniwashia kompyuta ya mke wangu, niandike habari zake. Nikamwambia shule sikwenda, na kusema sijui.

"Usiseme na mashine, kaka," alisema. "Mwambie yeye."

Akanigeuzia kiti cha mke wangu, akatoka nje. Nikamwambia. Ndiyo haya.