Ubao wa Upande wa Kushoto

Mimi ni wa mkono wa kushoto, na nyumbani kwetu Kenya hilo lilikuwa kosa la kuadhibiwa. Wakati wa kula, nyanya alinifunga mkono huo kwa leso na ncha yake akaifunga kwenye mguu wa kiti. Mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye nimemwita kaka tangu nijue kusema, alikuwa akikaa upande wangu wa kushoto. Aliilegeza leso taratibu, kisha akanikinga kwa mwili wake ili nile nipendavyo. Mtu akiniuliza kwa nini nilimwamini kiasi kile, jibu langu ni hilo tu.

Yeye ndiye aliyenifuata Minnesota, huku Marekani, si mimi niliyemfuata. Alipofika nilimpa chumba kwangu Hopkins, akakaa miaka miwili akisoma, na leo ana nyumba yake Eden Prairie yenye gereji ya magari matatu. Mimi bado ni nesi Maplewood, na bega langu la kulia liliharibika kwa kuinua wagonjwa.

Habari ya bunduki ilianzia hospitalini, kwenye meza ya chakula. Mzee mmoja Mzungu, fundi wa boila aliyekuwa karibu kustaafu, aliniona nikiandika akacheka, akanionyesha kalamu katika mkono wake wa kushoto. Tangu siku hiyo tukawa tunakula pamoja. Alinisimulia shamba lake, mwendo wa saa mbili kaskazini, na wale dia ambao sisi Wakenya wa hapa tumeamua kuwaita swala. Kulikuwa na majukwaa matatu ya mbao juu ya miti, ya kuwindia: lake, la ndugu yake, na la marehemu mkewe, ambalo lilikuwa tupu. Siku moja alisema, akitafuna, kwamba hilo la tatu lingenifaa.

Nilitaka kwenda. Sijui kueleza vizuri. Miaka yote hapa nimejua barabara, wodi na kanisa. Nilitaka nikae kimya mahali, asubuhi, pasipo mtu wa kugeuzwa kitandani. Nikasoma kozi ya usalama wa bunduki, nikafaulu, na mwalimu aliponipima macho alisema jicho langu lenye nguvu nalo ni la kushoto. Nikamwambia nyanya angelifunga nalo.

Kaka alinisindikiza dukani. Bunduki ya kwanza niliyopewa ilikuwa nzito, nikaishika dakika moja bega likaanza kulalamika. Ya pili ilikuwa nyepesi, lakini bolti yake, lile komeo la chuma unalolivuta kuingiza risasi, lilikuwa kulia. Kila mara ilinibidi niuvushe mkono juu ya bunduki nzima, kama mtu anayefungua mlango wake kwa kupitia dirishani. Muuzaji akasema watu wa kushoto huzoea. Nikamjibu kwamba kuzoea nimeshazoea vya kutosha.

Ndipo akaenda nyuma akaleta moja, iliyobaki peke yake ya aina hiyo. Kilo mbili na nusu. Kitako kifupi cha kunitosha, risasi ndogo isiyo na teke kali, na bolti upande wa kushoto. Niliiegemeza begani, mkono ukaenda wenyewe mahali pake bila kuulizwa. Machozi yakanitoka mbele ya Mzungu wa watu.

"Dada, unalilia bunduki kweli?" kaka akaniuliza. Lakini alijua ninalilia nini. Hakuna mtu mwingine katika nchi hii aliyejua.

Sasa sikilizeni kosa langu. Neno la mezani si mwaliko. Kwetu mtu mwenye adabu hadaki neno la mwenyeji na kuingia na viatu. Jambo kubwa kama kuomba nafasi kwenye ardhi ya mtu, tena nafasi ya marehemu mkewe, hulipeleki mwenyewe. Unatuma mtu akusemee, kama mshenga anavyotumwa kuposa. Mzungu angempigia mzee simu akamaliza. Mimi nikamtuma kaka.

"Wewe tulia," akaniambia. "Nita-drive mwenyewe mpaka kwake, tuongee kiume, si mambo ya text."

Akaenda. Jioni akanipigia simu, sauti ya upole. "Pole dada. Amesema mtoto wa ndugu yake amechukua ile nafasi. Labda next year."

Niliumia, lakini niliamini. Mzee alikuwa ameshastaafu, na kumuuliza mtu aliyekwisha kukukatalia ni kumwaibisha. Nikaifungia bunduki kabatini, nikachukua zamu Jumamosi ile ya kufungua msimu wa kuwinda. Niligeuza wagonjwa kumi na mmoja.

Wiki mbili baadaye kaka akaalika watu wa kanisani kula nyama ya swala. Aliwinda kwa rafiki, alisema, na sikushangaa, maana ana marafiki wengi. Nyumba ilijaa, akawa anasimulia huku anakata nyama.

"Lakini aliyejenga hiyo stand ya juu ya mti ni mtu wa ajabu," akasema. "Ubao wa kuegemeza bunduki ameuweka upande wrong. Kila kitu iko left. Ubao mpya, misumari bado inang'aa! Ilibidi nijipinde kama chapati."

Watu wakacheka. Nikatoka kwenye baraza la nyuma nikampigia mzee, jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu mwanzo.

Alifurahi kunisikia. Alisema alisikitika nilipobadili nia. "Kaka yako alinieleza kwamba kwenu si kazi ya mwanamke," akasema, "na kwamba ungeona haya kuniambia mwenyewe. Nikamwambia nimeshahamisha ubao kwa ajili ya mkono wako. Akasema si kitu, atakaa yeye, atajipanga."

Sikumwambia ukweli. Nilimshukuru kwa ubao.

Kaka alinikuta pale nje, akauona uso wangu, na kwa heshima yake ndogo iliyobaki hakujifanya hajui. "Dada, na hiyo bega yako, nikuache ukae kwa baridi hivyo? Nilikuwa nakuonea huruma. Ungeanguka kwa ile ngazi, mama angeniuliza nini?"

"Ungeniambia mimi hivyo," nikasema. "Usingemwambia yeye."

Wanasema shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hupiga teke kwa sababu hajui. Huyu alijua. Angeninyima kitu kingine chochote, ningenuna wiki moja nikasamehe. Yeye aliyeilegeza leso ndiye aliyekuja kuifunga upya, tena kwa jina la nyanya. Nilimchukia, na bado sijamaliza.

Tuliingia ndani. Akapakua sahani yangu mwenyewe, nyama ya mguu, sehemu ya heshima, akaniletea kwa mikono miwili mbele ya akina mama wote wa kanisa. Alikuwa akitaka yaishe.

Nikanyoosha mkono wa kushoto nikaipokea.

Kwetu hakuna asiyejua maana yake. Mama mmoja akaguna, mwingine akaweka kikombe chini. Kaka alibaki ameinama vile vile, ameshika sahani upande mmoja nami upande wa pili, akitazama mkono aliokuwa akiukinga tukiwa watoto. Kisha akaiachia.