Vitambaa Vilivyokuja Vimekatwa

Maboksi yalifika Nyakarenzo kwenye pikapu ya shirika moja la nchi za baridi, nasi tukayapokea kwa nyimbo, maana miaka ile kila boksi tulilipokea kwa nyimbo. Vita vyetu vilikuwa vimeisha, vile vya ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa Congo, vilikuwa vimewaka na kutulia, na sisi wa katikati tulikuwa tumejifunza kuimba kwanza, kufungua baadaye.

Ndani mlikuwa na vitambaa. Vilifungwa mafungu mafungu kwa utepe, na kila kitambaa kilikatwa mraba, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, kingo zake zina meno madogo kama ya msumeno. Vingine vilikuwa na maua. Vingine vilikuwa na paka waliovaa kofia. Vingine vilijaa watu weupe wa mviringo, pua zao karoti, ambao hakuna kati yetu aliyejua ni akina nani na walikosa nini hata wakanyimwa miguu.

Nilidhani ni sampuli. Nilikuwa fundi wa nguo, nimekulia Bukavu, mtoto wa wakimbizi wa zamani, nikarudi nchi ya wazazi na kichwa cha cherehani ndani ya furushi, na kichwa changu mwenyewe kimejaa majivuno ya mjini. Nikawaeleza wenzangu kama mwalimu: wenye maduka makubwa hutuma vipande ili uchague, kisha majora yanafuata. Chagueni tu. Wakachagua, wakagombania maua, tukangoja majora.

Kilichofuata ni Madame.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwekundu wa jua, mwenye viatu vya kupandia milima na moyo mwema usiopumzika. Mimi nilipewa kazi ya kutafsiri: yeye anasema Kifaransa, mimi nakigeuza Kinyarwanda kwa wanawake wa kilimani, na Kiswahili kwa sisi tuliotoka Congo. Nikamuuliza majora yanafika lini. Akashangaa. Vitambaa ndivyo hivyo, akasema. Tutaviunga kimoja kimoja mpaka viwe kifuniko cha kitanda.

Mbele kabisa alikaa mukecuru mmoja, bibi kizee mjane wa kilima cha pili, kiko chake kinywani hata kama hakina tumbaku. Akainua mkono.

"Muulize, kitambaa kizima kilikuwa na kosa gani?"

Nikatafsiri. Madame akacheka vizuri, akaeleza kwamba kwao kuna viwanda ambavyo kazi yake ni kukata vitambaa, ili watu wanunue na kupata raha ya kuviunga tena. Nikatafsiri na hilo. Ukumbini watu wakaanza kuvigeuza vipande, wakitafuta raha ilipo. Tulikuwa wanawake ambao mikono yetu ilishiba viraka: magoti ya suruali, makalio ya kaptula za watoto, shuka lililobaki mshono mtupu. Leo tunaambiwa kiraka ni starehe.

"Basi," mukecuru akasema, "amani ikizidi mahali, watu hukata nguo zao wenyewe."

Hilo sikulitafsiri. Nilisema bibi anashukuru.

Siku ya pili Madame alitufundisha kwamba kabla ya sindano kuna *inspirasyo*. Bila hiyo, mshono ni mshono tu. Nikatafuta neno. Kwa Kinyarwanda sikulipata, kwa Kiswahili sikulipata, mwisho nikasema ni roho inayomshukia mtu akajua la kufanya. Mlokole mmoja wa nyuma akapiga magoti papo hapo akaanza kuomba kwa sauti, wawili wakamuitikia, na Madame, aliyedhani ndiyo desturi yetu kabla ya kushona, akainamisha kichwa mpaka wakamaliza.

Kisha akatuamuru tutoke nje. "Nendeni vilimani, mtazame, mrudi na kile kitakachowagusa."

Tukatoka. Vilima tulivijua, tulikuwa tumevilima asubuhi ile ile. Lakini mwanamke wa kwetu akitumwa kilimani hawezi kurudi mikono mitupu, majirani watamwona mwendawazimu. Kwa hiyo tulirudi na kuni. Mmoja alirudi na lengalenga, mchicha wa kwetu, ndani ya kitenge, mwingine na majani ya sungura. Mukecuru alirudi na mkungu mzima wa ndizi ambao hatukumuuliza aliukata shamba la nani. Madame alisimama mlangoni akiangalia mzigo huu wote ukipangwa ukutani, akaniuliza kwa sauti ndogo kama walielewa.

"Wameelewa sana, Madame," nikasema.

Ndipo akabadili njia. Alikaa na kila mwanamke, akamshika mkono, akamuomba asimulie jambo lililomuumiza, ili alishone. Alisema maumivu yakishonwa hutoka. Sijui kwao hutokea wapi. Kwetu watu walikuwa wanaishi na mambo ambayo hata kwa ndugu hawakuyasema, na huyu alikuwa anayaomba kabla ya saa ya chai.

Alipofika kwa mukecuru akaniambia nimuulize: amepoteza nini? Nilijua alichopoteza. Kilima kizima kilijua. Nikauliza huku natazama chini.

Mukecuru akavuta kiko chake kitupu. "Mwambie nimepoteza sindano. Iko hapa hapa kwenye benchi na ninaogopa kuikalia."

Nikatafsiri neno kwa neno. Macho ya Madame yakajaa machozi. Akasema hajawahi kusikia picha yenye kina namna ile, akakariri taratibu: sindano iliyopotea. Mukecuru akainuka kidogo, akapapasa chini yake, akaipata, akaendelea kushona.

Aliyemwelewa Madame haraka kuliko sote ni mwenzangu mmoja wa Bukavu. Tulimwita Maman wa kofia, kwa sababu alivuka daraja la Rusizi wakati wa vita akiwa na kofia ya harusini kichwani na sufuria mkononi, na kofia hakuivua tena. Alichukua vipande vyote vyekundu, akashona nyumba inayoungua. Moto madirishani, moto paani, na kando amesimama mtu wa theluji mwenye pua ya karoti akitazama. Madame alilia. Alimkumbatia. Alimpa fungu jipya la vitambaa, mkasi na nyuzi za rangirangi.

Nilimvuta Maman wa kofia pembeni. Nyumba yake niliijua. Haikuungua hata mlango. Shemeji yake aliitwaa, anaishi ndani, amepanda na bustani.

"Maman, nyumba yako njo iliungua?" nikamuuliza kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, chenye njo badala ya ndiyo.

"Shemeji ku nyumba na moto ku nyumba, tofauti ni gani?" akanijibu. "Huyu Madame anapenda machozi. Tumupatie machozi, atupatie bitambaa."

Wiki ile ugonjwa ukaenea. Kila mtu alitaka nyekundu. Waliokosa nyekundu walichukua ya machungwa, waliokosa ya machungwa walichana maua mekundu kutoka vipande vya maua. Wanawake wawili waliokuwa wakisaidiana kubeba maji walivutana fungu moja mpaka utepe ukakatika. Mwisho wa mwezi ukuta mzima wa ukumbi ulikuwa unawaka. Tulichoma nyumba nyingi kuliko vita vyenyewe. Na nyuma ya nyumba hizo, nikizitazama zimepangwa vile, nilijua wanawake wenye moto wa kweli, na hao hawakugusa nyekundu kabisa. Walishona maua, wakachelewa kuja, wakawahi kuondoka.

Mukecuru alishona kama mtu anayepigana. Alitenga bluu iliyokolea na njano, akazipanga juu ya ngozi ya mbuzi, akazivuruga, akazipanga tena. Nikamuuliza kwa utani kama roho imemshukia.

"Imenishukia," akasema. "Inakaa Nyakabuye. Ni mama mkwe wa mjukuu wangu."

Mjukuu wake, aliyebaki naye peke yake, alikuwa anaolewa huko Nyakabuye, na mama wa bwana harusi alikuwa amepita njia nzima akisema wanachukua msichana asiye na kwao. Mukecuru alikusudia kifuniko ambacho kingewekwa kitandani siku ya harusi, huyo mama akiingia kukagua akose la kusema. Alifumua mstari mzima kwa sababu njano mbili hazikulingana. "Huyo ana macho," alinieleza. "Mjinga ningemshonea vyovyote."

Mimi nilijiona niko juu ya yote hayo. Nilikuwa fundi, nilijua mikono ya gauni na kola za sare za shule, na mchezo wa viraka niliuona wa watu walioshiba. Kisha vita vya ng'ambo vikaanza upya.

Nyumba niliyopanga ilikuwa mteremkoni Kamembe, mji wa jirani, na nyuma ya jiko, ukisimama penye migomba, ziwa linaishia chini yako na Bukavu iko mbele, karibu kiasi cha kuhesabu milango. Daraja lilifungwa. Yaya wangu, dada yangu mkubwa, alikuwa upande ule. Simu hakuna. Nilichobaki nacho ni paa lake. Kila asubuhi nililitafuta: unaanza kwenye mnara wa kanisa, unashuka kwa jicho, bati lenye kutu, lenye kipande kimoja kipya katikati ambacho shemeji, mume wake, alikipigilia vibaya. Likiwepo, nilienda kazini. Milio ya risasi ilikuwa ikivuka maji, moshi unainuka hapa na pale, na mimi natazama mabati: kutu, fedha iliyofifia, bluu ya shitingi, yale maturubai ya wakimbizi, kutu tena.

Asubuhi moja nikashtuka kwamba nazitazama kwa jicho la kushona. Nilikasirika kweli. Yaya yuko chini ya mabomu na mimi nawaza kwamba wale paka wa kahawia, wakigeuzwa nyuma mbele, ni kutu kamili. Lakini nilipofika ukumbini niliwageuza. Watu wa theluji nao nikawalaza uso chini, na migongo yao ilikuwa na rangi ile ile ya bati lililozeeka. Hakuna aliyezitaka rangi hizo, nilizipata bila ugomvi. Nikashona mteremko wa yaya, nyumba kwa nyumba kama nilivyoukumbuka, majirani wote mahali pao. Nisiposhona nilihesabu milio tu, basi niliona heri kushika sindano.

Madame akaja nyuma yangu. "Inapendeza," akasema. "Lakini huzuni iko wapi?"

Nikamwonyesha kipande kimoja cha kahawia. "Hapa. Ni nyumba ya dada yangu."

"Iliungua?"

"Bado."

Sitamsingizia: uso wake ulibadilika. Alikaa kando yangu akanitungia uzi mpaka saa ya kufunga. Juma hilo hilo gari la shirika likaja kumchukua, kwa sababu milio ilikuwa imekaribia mto na wenzake walisema hapakaliki. Sisi tuliokaa tulimsaidia kupakia. Alichukua nyumba chache zinazoungua, akazikunja kwa uangalifu kama nguo za mtoto mchanga, na akatuaga mmoja mmoja, anatulilia.

Nyumba zilizobaki tuligawana. Zilikuwa nzito, na Nyakarenzo kuna baridi. Watoto wengi wa kilimani walilala vizuri msimu ule chini ya mioto ya uongo. Maman wa kofia alipata tatu, akabadilisha moja kwa kuku.

Harusi ya Nyakabuye ilifanyika. Mukecuru alinisimulia mwenyewe. Mama mkwe aliingia chumbani, akakizunguka kitanda, akainua ncha ya kifuniko, akageuza atazame mishono kwa ndani, akairudisha. Hakusema kitu. Alhamisi iliyofuata alituma mtu kilimani kuuliza kama vipande vingine vimebaki.

"Ukamwambia nini, Mukecuru?"

"Nikamwambia kwetu tunavyo tele. Asiye navyo ni yeye."

Daraja lilifunguliwa baada ya majuma. Sikuarifiwa, nilikuwa mlangoni nashona kola ya mtu nikaona mwanamke anapanda mteremko na beseni kichwani, mwendo ule ule wa kubishana na njia. Yaya alikuwa amekonda. Tulilia, tukanyamaza, tukalia tena. Akanywa chai, akala viazi vyote vya chungu. Kisha nikamletea kifuniko, nikakitandaza mikekani.

"Hapa ni wapi?"

"Ni kwenu, yaya. Angalia, ile kutu ni yako. Nilikuwa naangalia paa lako kila siku."

Aliinama, akapitisha kidole mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, midomo yake ikitaja wenye nyumba. Nikangoja sifa. Kidole kikasimama.

"Uliniweka karibu na ule mwanamke?"

"Yaya, si ni jirani yako?"

"Miaka yote hatusemeshane, wewe unanifungia naye na uzi? Mutoe."

Nikaleta wembe. Tukakaa kizingitini alasiri ile, yeye ameshika kitambaa, mimi nafumua, na yeye anaeleza makosa ya yule mwanamke: maji aliyoyamwaga njiani, mbuzi wake, ulimi wake. Siku za risasi walijificha wote wawili chini ya kitanda kimoja, cha yaya, na hata pale chini yule mwanamke alisema godoro linanuka. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya pili ya kipande. Yaya akaweka mkono juu ya wembe.

"Ngoja kwanza," akasema. "Muache tu. Njo yeye iko na funguo ya nyumba yangu."