Msimu Mmoja Uwanjani, na Mmoja Pembeni

Tulipoondoka Unguja baada ya mapinduzi, mume wangu aliacha kanzu yake ya harusi akachukua viatu vya mpira. Sikumsemesha siku mbili.

Matrah, huko Omani, tulipata chumba kwa shangazi yangu, nyuma ya soko. Asubuhi mume wangu alikuwa karani wa duka la mchele. Alasiri akishuka kwenye wadi, bonde lililokauka maji, ambako vijana wa mtaa walikuwa na uwanja wao wa changarawe. Wengi walicheza pekupeku. Wanawake hatukwenda huko, lakini paa la shangazi lilitazama bondeni, nami nilikuwa na nguo nyingi za kuanika.

Alicheza vizuri, msinione namsifu kwa kuwa wangu. Lakini msimu haujesha akaangukia jiwe, goti likageuka. Walimleta nyumbani wamembeba juu ya ubao wa mlango. Mganga wa viungo alilikanda, akasema, "Kutembea utatembea. Mpira, basi tena."

Aligeukia ukutani akalia. Sikuwahi kumuona akilia, hata siku tuliyoiacha nyumba yetu.

Baada ya wiki, vijana wakaja na punda.

"Hatukuja kukupa pole," alisema mmoja wao, mchota maji wa mtaani. "Tumekuja kukuchukua ukatufundishe."

Akafundisha akiwa juu ya punda, kisha kwa mkongojo. Wakafungwa mechi nne mfululizo. Nyumbani alipanga vikombe vya kahawa mkekani, kila kikombe mchezaji, akavitazama mpaka kahawa ikapoa.

"Huyu wa kulia nani?" nikamuuliza.

"Mchota maji."

"Mbona umemweka kulia? Yule anapiga kwa kushoto."

Akainua macho. "Weye umeyaona wapi?"

"Paani. Nnapoanika nguo."

"Kila siku unaanika nguo?"

Akakihamisha kikombe.

Mechi iliyofuata walishinda mbili kwa moja, na mchota maji ndiye aliyefunga yote mawili. Walikuja kwa nderemo hadi mlangoni petu. Mume wangu akasimama kizingitini, akasema kwa sauti uchochoro mzima ukasikia: "Msinishukuru mimi. Upande wa kushoto kaupanga mke wangu."

"Ya Rabbi, aibu gani hii!" shangazi akasema, akajifunika uso. Kisha akawatolea vijana sinia zima la halua.

Hawakufika mbali. Mwaka uliofuata mchota maji alikwenda Kuwait kutafuta kazi, na wenziwe wakamfuata mmoja mmoja. Mume wangu aliwafundisha saba, kisha watano, kisha watatu. Alasiri moja akarudi jua bado kali.

"Leo nimekuwa peke yangu," alisema.

Nikamtilia chai, nikakaa karibu naye. Alikunywa nusu kikombe, halafu akaniuliza kama kesho nnataka twende kwa dada yake, aliyekaa upande wa pili wa soko, maana alasiri zake sasa zi tupu. Nilimuonea huruma. Lakini, Mungu anisamehe, nilifurahi pia.