Mpima Udongo Anayetafuta Shahidi

Hana muhuri. Hana bango mlangoni. Hana gari, na tangu mkewe afariki hana wa kumuuliza habari za kazi. Hana hata wa kumshikia ncha ya pili ya kamba ya kupimia shamba. Anaifunga kwenye kijiti, kisha anaifuata mwenyewe hadi mwisho.

Saa mbili asubuhi, mtaalamu huyu wa udongo, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, amechuchumaa katika shamba la jirani yake, mama mkulima wa vitunguu. Analowesha udongo, anaukanda, anausukuma kwa kidole gumba utoke kama utepe. Utepe unakatika.

"Mchanga umezidi, dada. Maji hayakai hapa."

"Na yule wa dukani alisema shamba langu ni siagi tupu!" Mama anacheka, lakini cheko lake linaishia mdomoni.

Mwaka jana muuza mbolea huyo wa dukani alimpimia. Alichota udongo mahali pamoja tu, kando ya njia, palipokuwa na zizi la ng'ombe. Pale hata msumari ungeota. Mama akapanda shamba zima. Alitarajia magunia thelathini, akavuna manne.

"Nilipomfuata akaniambia kilimo ni bahati," anasema. "Hana leseni ya kupima udongo. Ningemshtaki wapi?"

Msimu huu ushirika hautoi mbegu bila ripoti ya udongo. Ripoti ambayo mtaalamu huyu aliliandikia shamba jingine ilirudishwa dirishani.

"Mzee, kazi yako inapendeza," katibu alimwambia, "lakini tumeshaumwa na nyoka. Wewe na yule wa dukani nitawatofautishaje?"

Alirudi nyumbani na ripoti yake mkononi. Leo anakiri katibu ana haki. "Mwenye leseni akidanganya, ananyang'anywa. Mimi wataninyang'anya nini? Kamba?"

Mtihani wa leseni haumtishi, stashahada anayo, na kusoma hajaacha. Kinachomkwamisha ni sharti moja: ashuhudiwe na mwenye leseni aliyewahi kumwona kazini. Miaka kumi na minane amepima peke yake. Mwenye leseni aliyewahi kumwona ni mmoja, mwenzake wa zamani wa maabara. Leseni zilipoanza, mwenzake huyo alimsihi wakafanye mtihani pamoja.

"Nilimcheka mbele za watu. Nikamwambia udongo hausomi vyeti. Hatujasalimiana tena."

Jioni, chumbani mwake mna kitanda kimoja na kiti kimoja. Mifuko ya udongo imeegemea ukuta kama wageni waliokosa pa kukaa. Mama wa vitunguu amesimama mlangoni.

"Kaka, mvua haisubiri mtu amalize kiburi chake."

"Kiburi nimeshakitafuna, dada. Kumeza ndiko kunanishinda."

"Basi kunywa maji, umwandikie mwenzako!"

Mama anaondoka. Mzee anaandika. Akipata leseni, anawaza, ataajiri msaidizi wa kushika ile ncha ya pili ya kamba. Pengine hata wa kuzungumza naye njiani.

Barua ni fupi. "Nilikosea kukucheka. Njoo unitazame nikipima shamba la jirani yangu. Nikikosea, usitie sahihi."

Analamba gundi, anafunga bahasha, anaikandamiza kwa kidole gumba. Asubuhi anaitumbukiza katika sanduku la posta. Anapiga hatua chache, anarudi, anachungulia tundu kuhakikisha imeshuka.