Fundo la Baba na Makapi Chini ya Kitunga

Mhariri, nakuomba ulifunike jina langu. Gazeti hili linafika mpaka kwetu, na anayewasomea wenzake ni katekista, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, nina mke na watoto watatu, ninalima mpunga upande wa Wamaza. Mchele wangu huununua mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Kasongo, nitamwita Baba Salumu. Yeye na marehemu baba yangu walichanjiana damu wakawa ndugu, na tangu hapo mambo yetu yanakwenda hivi: mimi nafunga kitunga, kikapu cha mchele, kwa fundo alilonifundisha baba, shemeji yangu Mulonda, mume wa dada yangu mdogo, anakibeba mpaka Kasongo, na Baba Salumu anapokea bila kukifungua. Akiona fundo, basi. Naye hunirudishia chumvi katika mfuko uliofungwa kwa fundo lake. Kwetu kufungua mzigo mbele ya aliyeuleta ni kumtukana yeye na wazee wake. Wenzangu nao hupeleka wao vivyo hivyo, na kwa ajili hiyo mchele wa Wamaza wote ulipendwa, hata kwa wavuvi wa Nyangwe.

Mwaka huu pamba tunayolazimishwa na serikali kulima ilinimalizia siku zangu, mpunga ukawa mdogo. Nimezoea kupeleka vitunga vinane, nikapata saba. Ningetuma neno tu kwamba safari hii ni saba, mzee angeitika bila maneno. Lakini niliona haya. Kitunga cha nane nikakitia makapi chini na mchele juu, nikafunga fundo la baba na kulikaza vizuri sana. Nilijiambia mwakani nitazidisha. Mpumbavu hakosi sababu.

Baba Salumu alikiuza kitunga kile Nyangwe, kikafunguliwa mbele ya watu. Wote walimdhania Mulonda, kwamba alifungua njiani akaiba. Tangu siku hiyo hakuna anayempa mzigo. Dada yangu ana mimba ya miezi saba, wanakula kwangu, na kila dada akinishukuru namwongezea chakula. Juzi Mulonda alinifuata shambani akasema taratibu, "Shemeji, we unajua mi sikugusa ile kitunga. Ni we tu utaniponyesha." Nikamjibu kwamba Mungu yuko. Yuko kweli, na ndicho kinachoniogopesha.

Sasa sokoni Kasongo mchele wa kila mtu wa Wamaza unamwagwa kwanza kwenye mkeka. Mjane mmoja wa kwetu alikataa wa kwake kumwagwa, akarudi nao kichwani mwendo wote ule, analia. Wengine wanasema hawatalima tena mpunga ila wa kula wenyewe. Wananiletea malalamiko yao, wanamlaani Mulonda, nami natikisa kichwa pamoja nao.

Juma lililopita mchuuzi aliniletea kamba ya kitunga kile kutoka kwa Baba Salumu. Wale wa Nyangwe waliikata pembeni, fundo likabaki zima. Maneno ya mzee yalikuwa haya: "Mwambie mutoto wa ndugu yangu, ile fundo ni ya baba yake. Mfungo ikiisha nitakuja kwake, na Mulonda akuwe pale. Kama atasema ilifunguliwa, mi nitaitika."

Nimeliangalia fundo lile mara nyingi. Ni la mkono wangu, halikuguswa. Mzee aliyepokea mafundo yetu miaka yote hii hawezi kukosa kuliona hilo. Pamoja na kamba ilikuja chumvi kama kawaida, ila safari hii mfuko haukufungwa.

Nikisema kweli, Wamaza wote watajua ni nani aliyewaharibia soko, na wanangu wataishi humu humu. Nikisema uongo, mzee ataitika kama alivyoahidi, mbele ya dada yangu, na Mulonda atabaki mwizi. Zimebaki siku kumi na mbili mfungo uishe, na Mulonda ameshaanza kufagia ua wangu kwa ajili ya mgeni. Ninyi mnaosoma, mzee akikaa pale na kuniuliza, nimjibu nini?