Ngazi Tatu Nyumbani kwa Padri

Nilikwenda Johannesburg kumtembelea mdogo wangu Zuhura, fundi cherehani wa Jeppestown, nikidhani nitapumzika. Kumbe alikwishanitangaza. Alimwahidi rafiki yake Mama Furaha, msusi Mkongo, kwamba kaka yake mwashi wa Tanga hutoboa ukuta bila kumwamsha paka.

Saa mbili asubuhi tulipanda teksi hadi kwa Mama Furaha, Observatory, mtaa wa mlimani. Nyumba yenyewe zamani alikaa padri wa Kianglikana, Mwingereza mwenye familia. Nilisimama barabarani nikiikodolea macho: kuta za mawe ya kilima kilekile, paa la bati lenye mwinuko mkali, madirisha yaliyochongoka juu kama ya kanisa. Ubavuni, ngazi tatu za mawe zilipanda zikaishia kwenye mmea mtambaazi. Nikacheka, nikasema waashi wa zamani nao walikuwa na vituko.

Mlango wa mbele hufungukia sebuleni, na hapo ndipo palipokuwa na kasheshe. Wateja wa Mama Furaha walipita sebuleni kwenda kwenye iliyokuwa ofisi ya padri, ambamo yeye husuka. Mumewe hulinda ghala usiku na mchana hulala sebuleni, kwa kuwa vyumba vya juu huchomwa na bati. Sebule ina ubaridi mzuri: padri aliweka madirisha makubwa upande wa kusini, kama kwao, akasahau kwamba huku jua hupita kaskazini.

"Eish, jana mama moja aliniamsha," Baba Furaha akaniambia, macho mekundu. "Akauliza kama na mie niko ku laini ya kusukwa. Bakipita tena, mie narudia kwa ndugu yangu."

"Toboa hapa, kaka, bakliyente bapate njia," mkewe akaniombea wateja wake, akionyesha ukuta wa mbele wa ile ofisi. Alikuwa karibu kulia.

Nikaugonga, nikaukagua. Ukuta ule ulibeba dohani ya kutolea moshi. Ningeutoboa, matofali yote ya dohani yangetuangukia. Zuhura alinikazia macho. Nilitamani kurudi Tanga saa ileile.

Saa sita, nikinywa chai nje kwa aibu, nikaziangalia tena zile ngazi. Zilikuwa zimelika katikati. Miguu mingi ilipita pale, lakini ikienda wapi? Nikakata mtambaazi. Mlango wa ile ofisi! Wenye shida zao waliingia kwa padri moja kwa moja, wasione familia ikila. Sisi watu wa pwani tuna baraza ya kupokelea wageni. Padri alikuwa na mlango wa pembeni. Kwa ndani ulipigiliwa mbao ukapakwa rangi, na Mama Furaha alikuwa ametundika kioo juu yake.

Nilibandua mbao, nikatia bawaba mafuta. Mteja wa kwanza akapanda ngazi, akaingia.

"Sikukwambia, shoga?" Zuhura akatamba. "Paka hajaamka!"

Tangu siku ile, mimi huzunguka nyumba nzima kabla ya kugusa nyundo. Saa tisa alasiri tuliaga. Nikaenda sebuleni kumuaga Baba Furaha. Nikapiga hodi mara tatu. Nikachungulia: alikuwa anakoroma, mdomo wazi. Sijawahi kupewa asante tamu kuliko ile.