Kofia za Kungojea Umeme

Kinyozi wangu wa mtaa wa Buyenzi hampingi mteja. Ukisema reli mpya ya kwenda Tanzania itatuokoa, huipuliza mashine yake, hukukunja sikio taratibu kama anayekunja kola ya shati jipya, na kukijibu kioo badala yako: "Kweli kabisa, patron." Anayekufuata akidai kwamba tungechimba kwanza mitaro ya Buterere, kule watu wanakolala na maji, naye sikio hukunjwa vilevile: "Kweli kabisa, patron."

Juzi zamu ilikuwa yangu. Mimi sijawahi kupanda treni hata siku moja, lakini nikishakalia kile kiti huwa waziri. Nilitangaza kwamba wanaoipinga reli hawaoni mbali, kwamba hili si gari moshi la babu zetu, moshi wenyewe haupo, litaenda kasi kwa umeme mtupu. "Umeme!" nilirudia, hadi wapita njia wakageuka.

"Kweli ka..." alianza, na mashine ikanyamaza katikati ya kichwa changu. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.

Hakucheka. Alinifuta shingo, akaenda ukutani anakotundika kofia za kuwaazima wateja wa ajali hiyo, akachagua iliyo pana kuliko zote, akanivika hadi masikioni. Nikamwuliza umeme utarudi saa ngapi.

"Apana ogopa, patron," alikiambia kioo. "Train iko mu stesheni tu. Inapumuzika."